Gari Lililokataa Kulala Mpululu

Haya nimeambiwa na mjukuu wangu Nyamizi, Jumatano ya juzi, hapa Sikonge, tukimenya karanga za mbegu. Alikuwa anatoka Kaliua kumrudisha mama mkwe wake, akanipitia. Alianza kusimulia jua likiwa bado kwenye kizingiti, akamaliza ungo wa pili ulipojaa. Sikumkatiza ila mara moja tu, kuuliza godoro linasikiaje. Nayaandika kama alivyoyasema.

Waliondoka Mbeya alfajiri, watu watatu: Nyamizi, mumewe Mihambo, na mama yake Mihambo, Bi Tausi, aliyekuwa amekaa kwao miezi mitatu akitibiwa miguu. Gari lilikuwa la kukodi, haya ya siku hizi yanayojiendesha yenyewe. Hema limekunjwa juu ya paa kama chapati, magodoro yako humo humo, nyuma kuna jiko la gesi na kifriji kidogo cha dawa za Bi Tausi za sukari. Shauri lao lilikuwa walale njiani usiku mmoja, wapike ugali wao, wafike Kaliua kesho yake mchana bila kuchoka. Shauri zuri. Aliyeliharibu ni Mwenyeji.

Mwenyeji ndilo jina waliloipa wenye magari ile sauti iliyomo ndani. Yenyewe ndiyo inayochagua mahali pa kulala. Unaiambia tumechoka, inatazama alama za mahali pale, zikitimia sitini inakufungulia hema. Zisipotimia, hema halifunguki ng'o, hata ukipanda juu na panga.

Saa kumi kasoro robo, Rungwa wameshaipita, Mihambo akaona mahali. Mwamba bapa, miyombo miwili mitatu ya kivuli, udongo mkavu.

"Simama hapa," akasema. "Hapa tunalala."

"Ndugu msafiri, samahani," Mwenyeji akajibu. "Mahali hapa pana alama thelathini na nane."

"Pana nini kibaya?"

"Msafiri mmoja aliamka mara kumi na moja usiku."

"Labda alikunywa chai nyingi," Bi Tausi akasema kutoka nyuma.

"Sababu haikutajwa, mama. Tuendelee na safari."

Wakaendelea. Mbele wakakuta shule, uwanja mpana, na mwalimu mkuu mwenyewe akawapungia mkono waingie. Gari likasimama, likafikiri.

"Alama hamsini na tisa," likasema.

"Hamsini na tisa!" Bi Tausi akapiga goti lake, halafu akajuta maana goti lilikuwa linauma. "Imepungua moja! Mwenyeji, wewe una watoto?"

"Sina, mama."

"Ndiyo maana."

Mwalimu mkuu akabaki na mkono wake hewani. Nyamizi anasema aliona aibu mpaka akainamisha kichwa, kupita mbele ya mtu mzima aliyekukaribisha bila hata kumwambia asante.

Wakajaribu pembeni ya zahanati. Alama arobaini. Wakajaribu kwenye mashamba ya tumbaku yaliyovunwa. Alama ishirini, kwa sababu kuna mwaka mtu alilala pale na mtoto mchanga. Mihambo akauliza, basi ni wapi panapofaa katika nchi hii? Mwenyeji akamwonyesha kwenye kioo: kituo cha kampuni yenyewe, kilomita mia moja na sitini mbele, wafike saa nne na nusu usiku.

"Pale nimewahi kulala," Mihambo akasema. "Taa zinakumulika usoni usiku kucha, na malori yananguruma sikioni. Pamepata alama ngapi?"

"Tisini na nne. Wasafiri hulala pale kwa utulivu mkubwa."

"Wanalala kwa sababu wamefika wamekufa kwa uchovu! Wewe ndiye unayewachosha!"

"Asante kwa maoni yako," likasema gari.

Hapa ndipo nilipouliza habari ya godoro. Nyamizi akanieleza mara mbili, nikaelewa. Zamani Mwenyeji hakuwa anasikiliza mioyo ya watu. Alikuwa anauliza tu. Asubuhi watu wakiamka anawauliza, "Mmelalaje?" na watu wanajibu, "Salama." Sasa wewe na mimi tunajua. Mtu hata kama kalala na nyoka, ukimwamkia atakujibu salama, kisha ndipo akueleze habari ya nyoka. Gari liliandika ile salama likaondoka. Basi ramani yote ikawa salama tupu, kutoka Tunduma mpaka Bukoba. Mpaka mwaka ule familia moja ililala kwenye korongo la mchanga, maji yakashuka usiku yakawachukua wote. Kumbe waliolala pale wiki moja kabla yao walitoka mbio na matope magotini, na asubuhi walipoulizwa walijibu salama. Ndivyo tulivyofundishwa. Salama kwanza, matope baadaye.

Baada ya msiba ule ikatoka sheria, na magodoro yakatiwa nyaya. Sasa hakuna kuulizwa. Godoro linasikiliza moyo wako unavyopiga, linahesabu unavyojigeuza, linaandika. Na mtu ambaye siku zote analala vizuri, akikosa usingizi usiku mmoja, neno lake linaaminiwa zaidi ya watu kumi. Kama mbwa asiyebweka ovyo.

Nyamizi ni mtu wa namna hiyo. Tangu mtoto, ukimlaza analala. Mimi nimemlea, najua.

Basi jua linashuka, miguu ya Bi Tausi imevimba imekuwa kama mihogo, anaihamisha huku na huku hapati pa kuiweka. Nyamizi akasema, "Mume wangu, tungemwomba Mwenyeji tusimame hata nusu saa, mama ajinyooshe."

Mihambo alikuwa ameshajaa. Akamgeukia.

"Wewe na usingizi wako! Ulishanilaza mara moja, umesahau?"

Bi Tausi akatazama dirishani, ingawa dirishani hapakuwa na kitu ila vumbi.

Neno hilo, "wewe na usingizi wako," lilikuwa na miaka miwili na miezi mitano ndani ya nyumba yao. Likikosekana chumvi kwenye mboga, linatoka. Mtoto akichelewa shule, linatoka. Na chanzo chake ni safari kama hii hii, barabara hii hii. Wakati ule baba yake Mihambo alikuwa mgonjwa Kaliua, wakaitwa waje. Ilikuwa masika. Jioni wakafika mahali panaitwa Mpululu. Mihambo akataka waunganishe usiku, wafike. Nyamizi akasema nimechoka, tulale. Wakalala. Walipofika Kaliua kesho yake saa tano, wakakuta watu wanarudi kutoka makaburini na majembe mabegani. Mzee alifariki usiku, wakamwambia, na amezikwa saa nne. Mihambo hakumkuta baba yake hai, wala hakumshusha kaburini, yeye mtoto wa kwanza. Kwa sababu mke wake alitaka kulala.

Hivyo ndivyo alivyojua Mihambo.

Asilolijua ni hili. Jioni ile pale Mpululu, Nyamizi akiwa anasafisha sufuria, simu yake iliita. Alikuwa Bi Tausi. "Mwanangu," akamwambia, "mzee ametutoka magharibi hii, adhana ikiendelea. Mihambo asijue. Mwambie lolote, mlale, mje asubuhi. Namjua mwanangu, atalinyang'anya gari usukani, na makorongo huku yamejaa maji. Sitaki kuzika wawili. Nisikilize mimi, watamsubiri mpaka adhuhuri."

Nani asiyejua desturi hiyo? Mfiwa haambiwi njiani. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa, aje ayakute mlangoni. Nyamizi alifanya kama alivyoagizwa na mkwe wake. Akasema nimechoka. Akalala kando ya mume wake, macho wazi, akimsikiliza anavyokoroma, mpaka kukakucha. Na saa ile yote godoro lilikuwa linaandika.

Sasa jua limefika kwenye miti, Bi Tausi akasema, "Mwanangu, mimi nimebanwa. Na magharibi inaingia. Nasimama wapi?"

Mbele pakaonekana uzio wa miti na mapaa ya bati.

"Hapa sitaki hata kukojoa," Mihambo akasema. Alikuwa amepatambua.

"Basi mimi nitakojoa kwa niaba yako," mama yake akajibu. "Mwenyeji! Simama!"

"Mpululu ni mahali pasipolalika, alama sita," gari likasema. "Dakika kumi za haja zinaruhusiwa."

Likasimama nje ya uzio. Halijazima hata taa, akatokea mwanamke mbio, ndoo ya maji ya moto mkono huu, kigoda mkono huu. Mtu wa miaka hamsini hivi, kitenge kimefungwa kifuani, anahema.

"Karibuni, karibuni! Mama, kaa hapa. Choo kile pale, kisafi, nimekimwagia maji asubuhi. Maji ya kutawadhia haya. Karibuni sana. Mimi naitwa Kalunde."

Bi Tausi akaenda chooni, akarudi, akatawadha, akatandika kanga yake akasali. Rakaa ya pili gari likapiga kelele: "Zimebaki dakika nne." Rakaa ya tatu: "Zimebaki dakika mbili." Mihambo akaupiga mlango teke. Bi Tausi akatoa salamu kulia na kushoto, akainuka akasema, "Mwenyezi Mungu ananingoja miaka sabini, wewe bati unanihesabia dakika!"

Kalunde akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwa Nyamizi. Alimtazama, akasogea, akamtazama tena.

"Wewe nakujua. Ulilala hapa. Masika ya mwaka juzi. Wewe ndiye uliyesugua sufuria mpaka nikadhani itatoboka."

"Si mimi, mama," Nyamizi akasema, kisha akaona haya. "Ndiyo. Ni mimi."

"Basi nyinyi ndio gari la mwisho." Kalunde akageuza ndoo yake tupu, akaikalia. "Tangu siku ile halijalala gari hapa. Hata moja. Tulichimba vyoo, tukajenga jiko, kijiji kikapewa mashine ya maji kwa ajili ya wageni. Mimi nilikuwa nakaa pale mlangoni nangoja ile taa ya paani izimike. Si inazimika mtu wa mwisho akilala? Ikizimika ndipo na mimi naingia kulala. Mwenyeji halali kabla ya mgeni. Sasa mwezi ujao wa nane mashine inang'olewa, inapelekwa kwenye kituo kingine, eti hapa hapana wageni. Tutarudi kuchota kisimani Mto Koga, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi." Akashusha sauti. "Jamani, mnaweza kuliuliza gari lenu tulikosa nini? Yale mengine hayasimami hata tuyaulize."

Mihambo hakupapenda Mpululu, lakini hakuwa mtu mbaya. Akasema kwa uchovu, "Mwenyeji. Watu hawa walikosa nini?"

"Usiku wa kuamkia tarehe tisa Februari, mwaka juzi," gari likajibu, "msafiri mwenye rekodi nzuri ya usingizi alikuwa na hofu kubwa kwa saa tisa mfululizo. Mahali hapa pakafungwa."

Tarehe tisa Februari ndiyo siku baba yake Mihambo alipozikwa. Mihambo akasimama pale mkono juu ya mlango.

"Tulikuwa gari moja tu usiku ule," akasema taratibu. "Mimi nililala kama gogo. Sasa nani huyo?"

"Jina ni siri," likasema gari, kwa ile adabu yake. "Hata hivyo, mwenye usiku huo yumo miongoni mwenu. Akieleza sababu, na sababu ikiwa haihusiani na mahali, alama itafutwa. Nitasikiliza sauti na moyo wake ili kuhakikisha ni kweli. Je, angependa kueleza? Zimebaki sekunde arobaini."

Nyamizi anasema alisikia vidole vya mkwe wake vimemshika kwenye nyama ya mkono, vinabana. Bi Tausi hakumtazama. Alibana tu.

Na mimi nikiwa nimeshika karanga yangu niliwaza, ningekuwa mimi ningefanyaje? Kusema jino liliniuma, gari litajua ni uongo. Kunyamaza, dakika kumi zinaisha, wanaondoka, na ndoa yake inabaki kama ilivyokuwa, mbovu lakini inakaa. Mkwe wake anabaki na heshima yake. Na yule mama pale juu ya ndoo anarudi Mto Koga, yeye na kijiji kizima, kwa usiku ambao hawakuwa na kosa hata kidogo.

"Usiku ule hukulala?" Mihambo akamuuliza. "Wewe? Ulikuwa unaogopa nini?"

"Sekunde ishirini," likasema gari.

"Nyamaza!" wote wanne wakaliambia.

Nyamizi akautoa mkono wake taratibu kwenye vidole vya Bi Tausi. "Nilijua," akasema. "Baba alikuwa ameshafariki magharibi. Nilipigiwa simu nikiwa nasafisha sufuria. Sikukwambia. Nikakwambia nimechoka, nikakaa macho mpaka asubuhi. Hapa hapakuwa na kitu cha kuogopa. Niliogopa ungeamka ukaniona usoni."

Hakusema ni nani aliyepiga simu. Hilo alilimeza.

Mihambo akauachia mlango. "Alikupigia nani?"

Nyamizi akainama kuikunja kanga ya kusalia ya mkwe wake.

"Nakuuliza, nani?"

"Mimi," Bi Tausi akasema.

Alikuwa ameketi kwenye kile kigoda cha Kalunde, miguu imenyooshwa mbele, mikono mapajani. "Mimi ndiye niliyempigia, nikamwagiza. Niliogopa mito. Nilijua watakungoja mpaka adhuhuri. Mvua ikatanda, baba zako wadogo wakasema tusimnyeshee maiti. Nikasema mngojeni mwanangu, wakasema mwanamke huyu amechanganyikiwa na msiba. Wakambeba."

"Miaka miwili, mama!" Sauti ya Mihambo ikapanda. "Miaka miwili namtukana mke wangu na usingizi wake, na wewe miezi mitatu hii uko pale pale mezani, unasikia, unaongeza mchuzi!"

"Kila siku nilisema kesho nitamwambia."

"Na wewe!" akamgeukia Nyamizi. "Ningefika saa saba usiku. Ningemwosha baba yangu. Mimi ni nani yako?"

"Niliambiwa ninyamaze."

"Na mimi nilikuambia nini? Tangu tuoane, nimewahi kukuambia uninyamazie?"

Hapo Kalunde akasimama kutoka kwenye ndoo. "Poleni na msiba," akasema, akawapa mkono mmoja mmoja, kama vile mzee kafa jana. Mihambo akaupokea mkono ule, na nadhani kwake ilikuwa kweli ni jana.

Gari likakohoa, kile kikohozi chake cha kuigiza.

"Maelezo yamepokelewa. Hofu haikutokana na mahali. Alama imefutwa. Mpululu panaruhusiwa kwa usiku mmoja wa majaribio. Wasafiri wote watatu wakilala kwa utulivu, mahali patafunguliwa. Je, wasafiri wako tayari kulala?"

Nyamizi anasema laiti lingekuwa na uso angelipiga kofi. Watu watatu hawawezi hata kutazamana, wanaambiwa walale kwa utulivu!

"Niko tayari kulichoma moto," Mihambo akasema, akaondoka, akaenda kukaa upande wa pili wa uzio kwenye rundo la mizinga ya nyuki.

Wanawake wakabaki. Hema likajifungua juu ya paa, taratibu, kitambaa kikajaa upepo. Kalunde akawasha jiko. Nyamizi akasonga ugali, maana hasira au si hasira watu watakula. Bi Tausi akajichoma sindano yake ya sukari. Sufuria ikainuliwa.

"Ungesema tu ni mimi," Bi Tausi akasema.

"Ningesema vipi, mama? Umenibana mkono."

"Nilikubana kwa mazoea."

Nyamizi akacheka, hakutaka kucheka lakini kicheko kikamtoka. Mkwe wake naye akacheka, kisha akajifuta macho na ncha ya kanga. Kalunde akapeleka sahani kwenye mizinga ya nyuki. Alirudi mikono mitupu, akasema, "Anakula. Anatukana, lakini anakula."

Bi Tausi hakuweza kupanda ngazi ya hema na miguu ile. Wakamlaza kwenye kiti cha nyuma kilichokunjuliwa, nacho kina nyaya zake. Hakukaa dakika tano. Mtu aliyetua mzigo wa miaka miwili hana haja ya kubembelezwa.

"Msafiri mmoja amelala," gari likanong'ona. "Bado wawili."

Nyamizi akapanda hemani. Akatazama kupitia wavu: kule mlangoni kwake Kalunde amekalia kigoda chake, shuka mabegani, macho yako juu kwenye ile taa nyekundu ya paani. Alikuwa anangoja tu, na pumzi yake inaonekana kwenye baridi ya Julai.

Baada ya muda ngazi ikalia. Mihambo akaingia, akinukia moshi na nta. Akalala chali, mbali kadiri hema lilivyomruhusu, na hema lenyewe ni la watu wawili.

"Bado wawili," gari likasema.

"Likisema tena naling'oa," Mihambo akasema gizani.

Kisha akauliza, "Alikufa magharibi hasa?"

"Adhana ilikuwa inaendelea."

"Magharibi tulikuwa ndiyo kwanza tunaingia hapa. Nilikuwa nafungua mlango."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hata tungeunganisha, nisingemkuta."

"Usingemkuta."

"Ila ningemzika."

Nyamizi anasema hapo alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, alikuwa ameyatunza miaka miwili. Mito, mvua, amri ya mkwe, desturi. Akayaacha yote.

"Ungemzika," akasema.

Mihambo akajigeuza. Akajigeuza tena. Godoro linaandika. Akasema, "Saa tisa nzima macho wazi. Ulikuwa unafanya nini saa tisa?"

"Nilikuwa nakusikiliza unavyokoroma."

"Mimi sikoromi."

"Mwulize Mwenyeji."

"Kiwango cha kukoroma kwa msafiri huyo ni..."

"Funga mdomo!" Mihambo akasema, na sauti ikapasuka katikati, Nyamizi hakujua ni kicheko au ni kilio. Ilikuwa vyote, nadhani. Alilia kidogo, mgongo umemgeukia, kilio cha mtu aliyechelewa mazishi. Nyamizi hakumgusa. Mihambo alipomaliza akavuta blanketi, akagundua lote liko upande wake, akalirusha nusu kwa mke wake bila kugeuka.

"Kesho tukifika," akasema, "tunaanzia makaburini. Watatu wote. Halafu nitamwambia mama maneno yangu."

"Sawa."

"Na wewe yako yapo. Sijamaliza."

"Sawa."

"Wewe na usin..." Akaacha hapo hapo, neno halikwisha. Muda si mrefu pumzi ikawa nzito, na kile asichokifanya kikaanza, taratibu, kama mtu anayekereza mbao.

"Bado mmoja," gari likanong'ona.

Mmoja huyo ni Nyamizi. Alijilaza akisikiliza mkoromo ule ule, mahali pale pale. Alidhani atakesha tena. Akawaza kwamba asipolala yeye mmoja tu, kijiji kizima kitarudi mtoni, na mawazo kama hayo ndiyo yanayomfukuzia mtu usingizi. Akajaribu kuhesabu mbuzi, akajaribu dua. Kisha akakumbuka kwamba Mihambo akiamka sasa hivi akamtazama usoni, hataona chochote ambacho hajakiona. Anasema hilo ndilo la mwisho analolikumbuka.

Yaliyobaki aliambiwa na Kalunde asubuhi. Kalunde anasema ile taa ya paani ilipunguka, ikapepesa mara mbili, ikazimika. Hakuinuka papo hapo. Aliingoja, asije akadanganywa, mpaka kuni za jikoni zikawa majivu. Haikuwaka tena. Gari lote lilikuwa giza, na ndani yake watu watatu wanapumua.

Basi akachukua kigoda chake, akaingia ndani, akafunga mlango, na yeye akalala.